Kaunta ya Mama Padri

Nimeacha kazi mwezi uliopita. Msidanganyike na mvi, sijafika umri wa kustaafu. Nina miaka hamsini na mbili tu. Nimeacha kwa sababu mkono wangu wa kushoto, ambao ndio wa kushikia mwiko, unatetemeka, na niru, ule ukandiko laini wa saruji wa juu, haipigwi na mkono unaotetemeka. Ukijaribu, kaunta inatoka na mawimbi na mwenye nyumba anakuuliza kama umelewa.

Nyie vijana wa kijiweni pale Majengo ndio mlioniambia niandike. Nadhani mlichoka kunisikiliza. Haya, naandika. Niliishia darasa la sita, kwa hiyo mkikuta nukta imekaa mahali si pake, isogezeni.

Naandika habari za kaunta za zege za jikoni, zile za zamani tunazozivisha sura mpya, namna ya kuzipiga na kuzitunza. Na habari za Salimu, mwenzangu, aliyefia jikoni kwa watu huko Kibosho tukiwa tunakausha kaunta, na mimi nikatoka hai. Wahusika nitawataja kwa majina. Nimekuwa nikiwataja miaka yote, hamna geni hapo. Geni ni kwamba orodha imebadilika, na mimi mwenyewe bado sijaelewa vizuri imebadilikaje.

Aliyenifundisha ni marehemu Mzee Athumani, pale pale Majengo, nyuma ya duka la mabati. Siku ya kwanza nilikwenda nikiwa nimenunua mwiko mpya. Akautazama, akauweka juu ya ukuta, akanipa ndoo, brashi ya waya na sabuni ya unga. Tulikuwa kwenye mgahawa mmoja karibu na stendi, kaunta yao imepikiwa maandazi miaka mingi.

"Ioshe," akasema.

Nikaiosha. Akamwaga maji kidogo juu yake. Yale maji yakakusanyika matone matone, kama juu ya jani la mgomba.

"Bado ina mafuta. Ioshe."

Niliosha siku mbili. Mwiko wangu nao ulikaa ukutani siku mbili. Siku ya tatu maji yakaingia kwenye zege na zege likageuka jeusi, ndipo mzee akasema, "Sasa inakunywa. Kinachokunywa maji kitashika niru." Hilo ndilo somo la kwanza na mpaka leo nawaona mnalikimbia. Mnapaka niru juu ya mafuta halafu ikibanduka mnasema saruji ya siku hizi ni mbovu.

Baada ya kuosha unaichokoa kwa patasi iwe na makovu, unafagia vumbi, unailowesha ila usiache dimbwi. Unapaka uji wa saruji uliotiwa gundi nyeupe, na kabla haujakauka unapiga tabaka la kwanza la saruji na mchanga uliochekechwa mara mbili, jembamba kama ukucha. La pili kesho yake. Halafu unafunika kwa gunia lililoloa na unalinywesha maji siku zisizopungua tatu, mkiweza saba. Ndipo msasa wa maji, ndipo likauke kabisa, ndipo dawa ya kuziba, ile inayozuia zege lisinywe mafuta ya mwenye nyumba. Mwisho nta. Hakuna hatua ya kuruka. Nimewaona mafundi wanaruka tatu na bado wanapiga picha za kutuma kwenye simu.

Mzee Athumani aliogopa upepo kuliko mvua. Hapa mjini, mwezi wa kwanza ule upepo mkavu unapopanda kutoka chini kwenye mashamba ya miwa, niru inapasuka nyufa kama nywele kabla hujanawa mikono. Kwa hiyo alitufundisha kuziba dirisha la jikoni kwa gunia la katani lililoloa, tunalipigilia kwenye fremu. Nikaishika hiyo kama dini. Mimi ni mashoto, na nilikuwa na mtindo wangu: nikishapiga msumari nusu, naulaza kichwa chake kuelekea kushoto, gunia lisichomoke. Salimu alikuwa ananicheka.

"Bakari, unaziba dirisha au unajenga jela?"

Salimu nilimkuta kwa mzee. Mimi nikawa mtu wa niru, yeye akawa mtu wa msasa na dawa. Alikuwa mwongeaji, kazini anaongea, akila anaongea, na simu ya mke wake Mwanaidi ilikuwa haikai mfukoni. Saa sita kila siku lazima ampigie amwambie yuko wapi na kuna nini cha kuchekesha. Tulifanya kazi pamoja miaka kumi na moja na sikumbuki hata siku moja tuligombana, isipokuwa kuhusu redio.

Sasa anaingia Elibariki. Elibariki alikuwa kontrakta, ingawa mwiko hajawahi kuushika kwa makusudi. Alikuwa na pikapu na maneno mengi, anatutafutia kazi huko juu mlimani kwa wenye nyumba kubwa. Katika wahusika wa kifo kile nimemtaja wa kwanza kwa sababu miaka yote ndiye alikuwa wa kwanza.

Ilikuwa mwezi wa saba. Nyie wa mjini mnajua mwezi wa saba hapa Majengo mnavaa sweta mnajiona mko Ulaya. Huko Kibosho juu, karibu na msitu, ukungu unashuka asubuhi unakaa kwenye migomba mpaka saa tisa mchana, na saa tisa usiku umerudi. Kazi ilikuwa kwa mama mmoja ambaye mwanawe alikuwa anapata upadre. Hata kabla ya siku yenyewe watu wote walishaanza kumwita Mama Padri, na alikuwa anaitikia. Misa ya shukrani ilikuwa Jumamosi, nyumbani pale pale kihambani, katikati ya migomba yao, na kaunta ya jikoni aliyoijenga marehemu mume wake ilikuwa imepasuka, nyekundu ya zamani, katikati peusi pa kutua masufuria. Alitaka maaskofu wasiione.

Elibariki alimkubalia. Tulifika Jumatatu. Hapo nyie wenyewe mnajua kuhesabu.

Jumatatu tuliosha na kuchokoa. Jumanne na Jumatano nikapiga niru. Mkono wangu wakati ule ulikuwa mkono, nasema bila aibu: ile kaunta ilitoka kama kioo kilichomwagiwa majivu. Alhamisi asubuhi ilitakiwa iwe chini ya gunia inakunywa maji. Elibariki akaja na pikapu yake, akaigusa kwa kidole.

"Leo pakeni dawa."

"Haijakauka," Salimu akasema. "Iangalie, nyeusi hii. Ukipaka dawa juu ya maji, inakuwa nyeupe kama ukurutu."

"Basi ikausheni."

"Mangi, tuikaushe na nini, na jua lenu mmelificha wapi?"

Elibariki akacheka, halafu akaacha kucheka. "Kesho wanaanza kupika. Mama kaita parokia nzima. Mkinivunjia jina hapa, mlimani hampandi tena." Akaondoka kwenda kuleta viti.

Mama Padri alitusikia. Alikuwa mama mwema, na hilo ndilo linanichanganya, kwa sababu ningependa awe mbaya. Alileta majiko mawili ya mkaa yaliyokwisha kuwaka vizuri, hayana moshi hata kidogo, akaweka moja huku na jingine kule chini ya kaunta. "Watu wa mjini mnatetemeka. Haya, mote na nyinyi, iote na kaunta." Akatuletea na mtori, supu ya ndizi na nyama, kwenye bakuli. Nakumbuka ule mtori. Nakumbuka Salimu akisema nyama ni laini kuliko ya kwake.

Baada ya hapo sikumbuki.

Niliamka hospitali siku ya pili, kichwa kinapasuka kama kuna mtu anachokoa zege ndani. Salimu walikuwa wameshamzika. Daktari akanieleza kwamba mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa unatoa sumu ambayo haina harufu wala rangi, unalala tu. Mimi nilikuwa nimeangukia karibu na mlango, kwenye upenyo wa chini. Salimu alikuwa kwenye kona ya sinki. Hivyo tu. Hakuna sababu nyingine kwa nini mimi na si yeye. Nimeitafuta.

Jumamosi walifanya misa. Chakula walikiandaa juu ya ile kaunta. Niliambiwa.

Nilichouliza toka siku ile ni kimoja: dirisha alifunga nani? Pale jikoni palikuwa na mlango mmoja na dirisha moja kubwa linalotazama migomba. Dirisha lile lingekuwa wazi, Salimu angekuwa hai, daktari alisema mwenyewe. Na mimi kichwani mwangu nilikuwa na picha: Elibariki amesimama dirishani, mikono juu. Picha hiyo nilikuwa naiona nikifumba macho. Nikaisema hospitalini, nikaisema polisi, nikaisema msibani kwa Mwanaidi, nikaisema kila saiti niliyokwenda. Elibariki alifunga dirisha, vumbi la watu waliokuwa wanafunga turubai la misa nje lisiingie kwenye dawa.

Alikana. Mbele ya watu kijiweni alisema, "Bakari, mimi sikugusa dirisha. Naapa. Haraka ni yangu, dirisha si langu." Nikamwita mwongo na muuaji. Watu wakamkwepa, kazi zikamkimbia, akahamia Sanya Juu, nasikia anauza mbao. Mimi nikaona ni haki.

Na kila Idi nilikuwa nakwenda kwa Mwanaidi. Napeleka sukari na mchele, nakaa, tunamsema Elibariki. Yaani mimi namsema. Yeye anamimina chai.

Miaka ikaenda. Niliendelea na kazi na fundi huyu na yule, hakuna aliyekuwa Salimu. Nilianza kusahau vitu: nimeweka mchanga ndoo ngapi, nyumba ya nani. Halafu mkono. Daktari anasema ni ile ile sumu, inaweza kurudi polepole namna hiyo. Mwaka huu niliharibu kaunta mbili, ya pili nikaivunja mwenyewe kwa nyundo, nikamwambia mwenye nyumba nimeona ufa. Ufa ulikuwa mimi.

Ndipo simu ikaja kutoka Kibosho. Mama Padri. Sijui namba alipata wapi.

"Fundi Bakari, kaunta inakunywa. Nikimwaga maji inageuka nyeusi. Ulisema ikinywa nikuite."

Sikumbuki kumwambia. Lakini ndivyo ninavyowaambia wote: kila mwaka mwaga maji, yakikaa matone ujue dawa ipo, yakizama imekwisha. Yeye alikuwa ameingoja zaidi ya mwaka, lakini alikumbuka.

Nilitaka kukataa. Halafu nikasema niende, iwe kazi ya mwisho, nimtazame usoni aniambie na yeye. Nilipanda na kopo la dawa na msasa tu, kazi ambayo hata mkono mbovu unaweza.

Nilimkuta amezeeka. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia kwa kunishika mikono yote miwili, akaona wa kushoto unavyotetemeka, akaushikilia huo zaidi. Tukaingia jikoni. Sikuwa nimerudi toka siku ile. Nilifanya kama fundi yeyote, nikainama kuangalia kazi.

Ilikuwa nzima. Nawaambia ukweli, ilikuwa nzima kuliko kaunta za mwaka jana. Hakuna palipobanduka. Kulikuwa na duara moja la mafuta, pana kama sufuria ya pilau, limezama kabisa. Hilo lilikuwa la Jumamosi ile, kabla ya dawa aliyokuja kuipaka fundi mwingine baadaye, halitoki mpaka kiama. Pembeni alama za utomvu wa ndizi, nyeusi. Na karibu na sinki pamepauka, pametobokatoboka kama ngozi ya chungwa.

"Hapa mlikata ndimu?"

"Mbege," akasema. "Kibuyu cha pombe kilivuja usiku wa kuamkia Krismasi. Asubuhi nikakuta pamelika."

"Uchachu unakula saruji, mama. Ndimu, siki, mbege, vyote. Kikimwagika futa hapo hapo. Na ndizi menyea kwenye sinia, utomvu hausameheki. Na sufuria ya moto weka kwenye ubao."

"Nafanya hivyo. Naitunza," akasema, "kuliko nilivyomtunza mwenzako."

Alikuwa analia bila kubadilisha uso.

"Majiko niliwasha mimi," akasema. "Na mlango nilifunga mimi. Mapazia ya sebuleni yalikuwa mapya, niliogopa vumbi la mkaa. Nimeungama, mwanangu mwenyewe alinisikiliza, lakini kwako sikuwahi. Nisamehe."

Hicho ndicho nilichokuwa nimepandia mlima, na nilipokipata sikujua nikiweke wapi. Nikasema, "Na dirisha alifunga Elibariki."

Akanitazama. "Elibariki alikuwa mjini kuleta viti, fundi. Aliporudi ndiye aliyevunja mlango. Dirisha lilikuwa na gunia. Alilipasua kwa mikono kuingiza hewa."

Mikono juu, dirishani. Picha yangu.

Nikageuka kutazama dirisha. Fremu ni ile ile ya mbao, imepakwa rangi mara mbili tatu, hawakuhangaika kung'oa vitu. Juu kulikuwa na misumari minne chini ya rangi. Yote imepigwa nusu. Yote vichwa vimelazwa kushoto.

Niliinyoosha mikono niiguse, na ule wa kushoto ukafika wenyewe mahali pake. Mkono ulikumbuka. Kichwa mpaka leo hakikumbuki. Najiambia nilipigilia Jumanne, niru ikiwa mbichi, kama nilivyofundishwa. Alhamisi tulipoanza kukausha lilitakiwa litoke. Lakini upepo wa kuogopa huko Kibosho mwezi wa saba uko wapi? Ukungu mtupu. Nilibeba ugonjwa wa Majengo nikapanda nao mlimani. Na joto bila hewa halikaushi hata kaunta, maji yanatoka kwenye zege yanakaa ukutani. Salimu alikufa kwa ajili ya kitu ambacho hata kisingekauka.

Nilipaka dawa mara mbili, ya pili baada ya saa nne kupita. Nikamwambia asiiloweshe siku tatu. Dirisha niliacha wazi. Nikashuka.

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda kwa Mwanaidi, wala haikuwa Idi. Alikuwa anachambua mchele, akashangaa.

"Kulikoni, shemeji? Nani kafa?"

"Dirisha nilifunga mimi," nikasema. Nikiwa bado mlangoni. Nikamweleza gunia, misumari, Elibariki alivyolipasua. Niliongea kama mlevi, narudia rudia. Yeye akaendelea kuchambua.

"Kaa," akasema. Nikakaa. "Salimu alinipigia saa sita, siku ile. Unajua alivyokuwa. Akaniambia, 'Bakari katujengea jela yake ya gunia, humu ndani joto kama kitandani kwako, leo sitoki.' Akacheka. Ndiyo mara ya mwisho."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Miaka yote hii namtukana Elibariki hapa kwako, unanimiminia chai?"

"Ulikuwa unakuja umekasirika kama moto. Nikasema nikikwambia, utaacha kuja. Na wewe peke yako ndiye ulikuwa unalitaja jina la Salimu ndani ya nyumba hii. Watu wengine wote waliacha." Akapuliza pumba. "Halafu Elibariki nikamwonea. Hilo la Elibariki ni langu na lako."

Nilimuuliza kama ana hasira na mimi. Akasema alikuwa nayo, hakumbuki iliisha lini, labda mwaka ule aliponiona nimebeba mchele kwa mkono unaotetemeka mpaka ukamwagika barazani. Sijui kama hiyo ni ndiyo au hapana. Nimeifikiria mwezi mzima.

Wiki ile ile nilikwenda Sanya Juu. Elibariki yupo kweli, anauza mbao, amenenepa. Aliponiona akashika kipande cha mbao, nadhani alifikiri nimekuja kupigana. Nikamwambia nilichomwambia Mwanaidi. Akasema, "Haraka ilikuwa yangu. Nilikwambia." Nikasema, "Ulisema." Hakunipa mkono. Sikutegemea. Lakini akaniuliza kaunta ikoje, nikamwambia ni nzima, akatikisa kichwa kama mtu aliyeonjeshwa kitu kichungu.

Kwa hiyo orodha ni hii, na msiipunguze mkiisimulia. Haraka ni ya Elibariki, na sijamsamehe hiyo. Mkaa na mlango ni vya Mama Padri. Mzee Athumani alitufundisha kuziba, hakutufundisha kuzibua, Mungu amrehemu. Na gunia ni la Bakari.

Nyie mnaobaki na kazi: mwiko wangu nimeuacha kijiweni, juu ya ukuta, aujaribu mwenye mkono. Gunia lowesheni mlitandaze juu ya niru yenyewe, linatosha, dirishani halina kazi. Kama kaunta haijakauka, mwambieni mwenye nyumba haijakauka, akiwa na askofu mlangoni mwambieni askofu pia. Mkaa usiingie ndani hata kwa kuota. Na mkifika kwa mtu, kabla hata ya kumwaga maji kupima mafuta, nendeni dirishani mlifungue, mtazame kwenye fremu. Mkikuta misumari imelazwa kushoto, ing'oeni. Nimepiga mingi, mjini na mlimani, na sikumbuki yote iko wapi.